YULE MTAFSIRI WA MUVI AMENIHARIBIA KIATU CHA CHARLIE CHAPLIN! AFUNGIWE!

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka vidole vinateleza kwenye simu.

Mnamjua. Yule yule. Simtaji, maana hata sasa hivi naisikia sauti yake kutoka banda la video la jirani, na huko kwenu mnaisikia.

Sasa ameingia kwa Charlie Chaplin. Ametafsiri The Gold Rush. FILAMU BUBU! Ya mwaka 1925! Watu hawatoi sauti humo ndani, wanachezesha midomo, yanakuja maandishi, basi. Wewe unatafsiri nini? Theluji?

Leo nimejaziwa kwenye flashi, nikawakalisha wanangu, watoto niliowasifia kile kipande cha kiatu tangu wakiwa tumboni. Wanaokijua wanakijua. Chaplin na lile jibaba, Mack Swain, wamekwama kibandani kwenye theluji, njaa inawamaliza, na ni siku ya sikukuu. Chaplin anachemsha kiatu chake mwenyewe. Anakichoma na uma aone kama kimeiva. Anakimwagia mchuzi! Kamba anaizungusha kwenye uma kama tambi. Halafu soli yenye misumari: anashika msumari mmoja mmoja, anaufyonza kama mfupa wa kuku, taratibu, kwa adabu zote za mezani. Usoni hana habari hata chembe. Kicheko chote kipo hapo, kwamba HANA HABARI.

Sasa sikilizeni. Chaplin kainua msumari. Sebule kimya. Wanangu wametoa macho. Mara: "Hahahaaa! Oneni bwege huyu, anafyonza msumari anadhani paja la kuku! Mjomba ongeza pilipili! Na kama unataka muvi kali kama hizi piga namba..."

AKATAJA NAMBA YA SIMU.

Juu ya msumari! Tarakimu zote, tena mara mbili! Msumari unaingia mdomoni yuko kwenye sifuri saba, msumari unatoka mdomoni bado hajamaliza. Mwanangu wa mwisho ananiuliza, "Baba, anampigia nani?"

Filamu ina zaidi ya saa nzima, wakuu. Kuna mahali mtu anatembea tu kwenye theluji, hafanyi kitu. Taja namba pale! Taja na ya shemeji yako, taja na ya balozi wa nyumba kumi! Hakutaka. Kasubiri msumari.

Na kile kiatu wanasema kilitengenezwa kwa pipi nyeusi ya likorisi, wakapiga kile kipande siku tatu, wakarudia mara 63. Mtu kala viatu siku tatu ili mimi nicheke, wewe unakuja kuuza flashi humo humo!

Kwenye ile dansi ya mikate, pale Chaplin anapochomeka uma mbili kwenye mikate na kuzichezesha miguu mezani, kaweka singeli. Nimevumilia. Singeli inavumilika. Ila namba ya simu juu ya msumari, hapana. Afungiwe. Anyang'anywe maiki.

Mpiga Debe Mstaafu: Mkuu kunywa maji kwanza. Povu limefika mpaka huku Mbagala.

Binti wa Chumbageni: Huyu huyu! Muvi ya Mr. Bean ya 1997, pale anapoupigia chafya ule mchoro wa bibi aliyekaa kwenye kiti, halafu anaufuta na kitambaa chenye wino. Mimi nimekumbatia mto nasubiri. Jamaa akasema, "Sasa hapa atapiga chafya." KABLA! Nani kamuuliza?

Mleta Uzi: Dada yangu, wewe umenielewa. Na hapo hajakutajia namba.

Binti wa Chumbageni: Alitaja. Kwenye chafya ya pili nilishazima.

Profesa wa Kijiwe: Mleta uzi, historia hujui. Chaplin mwenyewe aliirudisha sokoni Gold Rush mwaka 1942, akaiwekea muziki na sauti yake anasimulia mwanzo mwisho. Tena ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar kwa muziki na kwa kurekodi sauti. Kwa hiyo wa kwanza kuongea juu ya muvi hiyo ni mwenye muvi. Unasemaje?

Mleta Uzi: Chaplin kasimulia ya kwake. Alitaja namba ya simu? JIBU. Alitaja namba ya simu?

Profesa wa Kijiwe: 1942 hakuwa na laini mbili.

Kaka wa Gongo la Mboto: Hiyo muvi ninayo, na ile namba nimeipiga. Kanipa muvi tatu kwa elfu moja. Jamaa mstaarabu sana.

Mleta Uzi: Wewe ndiye unayemlisha!

Jirani wa Nairobi: Huku Kenya tuko na DJ Afro, mtafsiri wetu wa muvi, na hakuna mtu analia. Muvi ya Kihindi bila DJ Afro ni watu wanaruka tu. Nyinyi Watanzania mnapenda kulalamika.

Mzee wa Kanda: Kijana, mtafsiri Lufufu alikuwepo huku tukiwa bado na mikanda ya VHS. Lufufu anakupa jina la mtu, ukoo wake, mpaka chanzo cha ugomvi, na Mchina mwenyewe hajafungua mdomo. Hawa wa sasa wanacheka wao. Mtafsiri hacheki! Anayecheka ni mteja aliyelipa kiingilio.

Mpiga Debe Mstaafu: Kula tano mzee.

Mume wa Pili: Tuacheni na viatu. Mimi nina kesi nzito. Coming to America ya 1988, pale kinyozi. Yule mzee wa Kizungu anayebishana na vinyozi ni Eddie Murphy. Nimemwambia shemeji yangu, amekataa mpaka tumeacha kusalimiana.

Kaka wa Gongo la Mboto: Shemeji yako yuko sahihi. Yule ni mzungu kabisa, nina macho.

Mume wa Pili: NI EDDIE! Kapakwa sura na Rick Baker, fundi wa kubadilisha watu sura. Kinyozi Clarence ni Eddie, mzee Saul ni Eddie, Randy Watson ni Eddie.

Binti wa Chumbageni: Randy Watson yule mwimbaji anayeangusha maiki?! Jamani!

Jirani wa Nairobi: Acha uongo. Mtu mmoja awe kinyozi halafu abishane na yeye mwenyewe?

Mleta Uzi: Wakuu, msumari.

Mzee wa Kanda: Mnagombana kwa ajili ya watu wa mbali wakati sisi tulikuwa na mchekeshaji wetu King Majuto. Mzee anasimama tu mlangoni, hajasema kitu, watu wako chini. Tangu atutoke mwaka 2018 sijacheka mpaka machozi. Na kuna kituo, mnakijua, juzi kilimkata katikati, mkono kauinua hivi anataka kumpiga mtu kofi, wakaweka tangazo la mbolea. Waliporudi kofi limeshapita! Nani alipigwa? Mpaka leo sijui.

Binti wa Chumbageni: Mzee wetu wa Tanga! Hilo kofi hata mimi nilikatwa. Nimeumia.

Mpiga Debe Mstaafu: Kuna mwenye hiyo ya Majuto anirushie? Ile ya kofi.

Kaka wa Gongo la Mboto: Piga ile namba, anayo.

Mleta Uzi: MSIMPIGIE!!!

Profesa wa Kijiwe: Imeita. Ngoja.

Mume wa Pili: Nimeipeleka muvi mpaka mwisho, nimemwonyesha shemeji majina ya waigizaji. Eddie Murphy, Eddie Murphy, Eddie Murphy. Anasema wamekosea kuchapa.