Taya la Mdogo Wetu

Mama: Wanangu, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya anasema kwamba mdogo wenu alipoanguka na baiskeli akavunjika taya karibu na sikio la kushoto, naye anapendekeza upasuaji. Kidonda kiko kidevuni. Imekuwaje mfupa uvunjike sikioni?

Dada: Shikamoo Mama. Kidevu kikigonga chini, kishindo hupanda hadi mahali pembamba pa mfupa, yaani shingo ya kiungo cha taya, na mara nyingi hapo ndipo unapokatika. Je, akifumba kinywa, meno yanakutana kama zamani?

Mama: Marahaba. Hayakutani. Magego ya kushoto yanatangulia kugusana, ya kulia yanabaki wazi, na akipanua kinywa kidevu kinakwenda kushoto.

Baba Mdogo: Tusikimbilie kisu. Jirani yangu alivunjika taya mahali kama hapo, akafungwa meno kwa waya kwa wiki 2, akapona.

Dada: Shikamoo Baba Mdogo. Ni kweli, wengi hutibiwa hivyo, hasa watoto, kwa kuwa mfupa wao hujiunda upya kadiri wanavyokua. Lakini huyu ni mtu mzima, na ikiwa kipande cha mfupa kilichokatika kimelala upande na upande ule umefupika kiasi cha kuyakosanisha meno, kufunga peke yake huenda kusirudishe urefu uliopotea. Katika upasuaji atapewa nusu kaputi, ngozi ipasuliwe mbele ya sikio au nyuma ya taya, mfupa urudishwe mahali pake na kushikizwa kwa vibati vidogo vya titani na skrubu.

Mama: Nimeambiwa uso unaweza kupooza, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Dada: Hofu yako ina msingi, Mama, kwa sababu mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso unapita hapo hapo. Ukivutwa, mdomo au jicho hulegea, ingawa kwa wengi nguvu hurudi baada ya wiki au miezi. Tumuulize daktari atapitia wapi.

Baba Mdogo: Baadaye taya lipumzishwe?

Dada: Ale vyakula laini, lakini kiungo kisiachwe kikakakamaa. Atasimama mbele ya kioo, apanue kinywa polepole huku akiangalia kidevu kishuke wima, siku baada ya siku, hadi vidole vyake 3 vilivyopangwa kimoja juu ya kingine vipite kati ya meno ya mbele.

Mama: Kesho tuingie kwa daktari pamoja, nawe uulize habari ya huo mshipa.