Mjadala: Eddy wa Tekken 3 apigwe marufuku vibandani, au tujifunze kukinga?

Mwanzisha mada, Jang'ombe: Assalaam alaykum wana gemu. Jana baada ya alasiri kibandani kwetu kuna PlayStation 1 imefufuliwa, ikatiwa Tekken 3, lile gemu la kupigana, likazuka zogo pedi ya kuchezea nusura irushwe. Mdogo wangu wa darasa la nne, hajui pigo hata moja, kamchukua Eddy Gordo, yule mpiganaji wa mateke, kawatoa watu wanne mfululizo, wa nne ni mtu mzima na ndevu zake anayejiita bingwa na mpiganaji wake Jin. Bwana kawaka, ati iandikwe ukutani "Eddy hachezwi". Miye naona uonevu tu, Eddy ndo mtu wangu tokea utoto. Nyie mwasemaje?

Wa Mwembetanga: Atolewe! Natia pesa yangu, nimekaa miaka nasoma vishiko vya mpiganaji King, kimoja kinaungana na chengine mpaka vidole vinauma, halafu anakuja kitoto anaitwanga X na duara kama anatwanga kisamvu, nalala chini. Mchezo gani huo?

Wa Wete: Shekhe tulia kwanza. Mraba na pembetatu ngumi, X na duara mateke, sasa kama unajua yule atabonyeza mateke tu, unapigwaje? Mmezoea kukinga mmesimama, unavuta mshale nyuma basi, Eddy anateremka anakufagia miguu. Bonyeza nyuma na chini pamoja, teke likishagonga ukingo wako mtwange kabla hajainuka. Ila usichuchumae muda wote, yapo mateke ya katikati yatakufata hukohuko chini, inataka utazame, usibahatishe.

Dada wa Chake: Kwetu kaka zangu walikuwa wanatupatia pedi ili watucheke, Eddy ndo alowanyamazisha, kwa hiyo msinigusie Eddy wangu 😂 Halafu mnamcheka mateke hadithi yake hamuijui. Mtoto wa kitajiri wa Brazil, babake kauliwa kwa kulifatilia genge la madawa, na kabla hajakata roho kamwambia mwanawe aikubali kesi ya mauaji yake ili akajifiche jela. Miaka minane kakaa ndani, humo ndo mzee mmoja mfungwa kamfundisha capoeira, ule mchezo wa kupigana kwa mateke kama unacheza ngoma. Na capoeira yenyewe wameianza Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani, wengi wao watu wa pande za Angola. Mie nikimuona anavyoyumba kabla ya kupiga naona kirumbizi kabisa, ile ngoma yetu ya fimbo, fimbo tu ndo hana.

Wa Mwembetanga: Hadithi nzuri dada'angu lakini mateke yake bado ya bure. Shujaa ni Rock Lee wa ile katuni ya Naruto, hana ninjutsu (uganga wa kininja) hana genjutsu (viinimacho), ana mazoezi tu. Siku alopigana na Gaara, alivyovua yale mazito ya miguuni yakaanguka chini pakapasuka, nilisimama kwenye kochi wallahi. Yule katoka jasho!

Wa Wete: Na siku hiyohiyo Gaara kamvunja mkono na mguu, kashindwa, na jasho lake lote 😂😂

Mwenye kibanda, Mwanakwerekwe: Nisemee upande wa tumbo. Eddy nikimtoa watoto hawaji. Ule umeme ulipokatika Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunawasha jenereta, petroli yangu ilikuwa inalipwa na wabonyezaji hawahawa, mtoto anafungwa anatia nyengine, anafungwa anatia nyengine. Bingwa je? Kwa sheria ya mshindi habanduki anakaa na pedi saa nzima kwa pesa moja, na maji ya kunywa anataka umletee. Na hao wenye gemu yao wangemuona mbaya wasingemrudisha Tekken 8 mwaka 2024.

Wa Mwembetanga: Haya yakhe, asitolewe. Lakini mwenye Eddy akishinda mara tatu abadilishe mtu, hilo sishuki.

Mwenye kibanda: Hilo naliandika ukutani leo.

Mwanzisha mada: Mdogo wangu nimemsomea, kakubali bila kelele mpaka nikashangaa. Kumbe ana lake. Anauliza Tiger Jackson, yule mwenye nywele za afro anayepiga mateke yaleyale ya Eddy, nae anahesabiwa Eddy au ni mtu mwengine?