Naomba ushauri: vijana wa kikundi chetu wamemshangilia tapeli wa kwenye filamu

Katibu wa Kikundi, Tandika

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tandika, Dar es Salaam. Wanachama wetu wengi ni vijana: mafundi simu, wauza mitumba, madereva wa bodaboda, na wachache walioajiriwa katika viwanda vya Barabara ya Nyerere. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichanga kila wiki na kukopeshana kwa riba ndogo, na ziada tumekuwa tukinunulia vipande vya Mfuko wa Umoja, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Fedha zenyewe si nyingi, lakini ni jasho la watu, na ndiyo sababu ninaandika kwa urefu.

Jumamosi iliyopita vijana waliomba tuangalie pamoja filamu ya The Wolf of Wall Street, ile ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Martin Scorsese, ambamo Leonardo DiCaprio anaigiza kama Jordan Belfort, dalali wa hisa wa New York aliyewatapeli wateja wake katika miaka ya 1990. Tulikuwa watu wazima tu, tukaazima projekta, tukakaa saa tatu nzima. Nilitarajia watu watoke wakiwa na hasira. Walitoka wakiwa na furaha.

Kuna sehemu ya mwanzoni ambapo Belfort, baada ya kupoteza kazi yake ya kwanza, anaingia katika ofisi duni inayouza hisa za senti, yaani za bei ndogo sana, na kumpigia simu mtu asiyemfahamu ili amuuzie hisa za kampuni iitwayo Aerotyne. Anaisifu kuwa ni kampuni ya teknolojia ya kisasa, ilhali picha tunayoonyeshwa ni ya kibanda tu. Mteja anakubali kutoa dola 4,000, na nusu ya fedha hizo ni kamisheni ya dalali. Hapo vijana walipiga makofi. Yupo pia mpelelezi wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ambaye Belfort anamdhihaki wakiwa kwenye boti, kwa kuwa mshahara wake ni mdogo na anarudi nyumbani kwa treni. Karibu na mwisho tunamwona kweli ndani ya treni ya chini ya ardhi, akiwatazama abiria wenzake. Ukumbi mzima ulicheka, na kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba huyo ndiye mjinga wa filamu nzima. Kijana huyo hugombea daladala ya Gongo la Mboto kila alfajiri, na aliyasema hayo kwa moyo mmoja.

Ningeyachukulia kuwa ni mazungumzo ya burudani na kuyaacha yapite, lakini kesho yake mwanachama mmoja, kijana mwerevu na anayependwa na wenzake, alipendekeza kwenye kundi letu la WhatsApp tuuze vipande vyote na kuziweka fedha katika programu fulani ya simu inayodaiwa kulipa faida kila siku, pamoja na bonasi kwa kila mtu utakayemleta. Alisema kwamba tusipothubutu tutazeeka na madaftari ya michango. Wengi wakamuunga mkono. Kikao cha kuamua ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu.

Ninaomba ushauri wa mambo mawili. Je, filamu ndiyo iliyowatia hamu hii, au hamu ilikuwapo na filamu imeipa maneno tu? Na nitauongozaje mjadala wa siku hiyo bila kuwadhalilisha? Nikiwakemea watasema kwamba katibu anawaonea kijicho.

Mpenzi wa Sinema, Upanga

Ndugu Katibu, vijana wako hawako peke yao. Filamu hiyo ilipoingia kumbini mwishoni mwa mwaka 2013, ziliandikwa habari za wafanyakazi wa fedha wa New York waliokuwa wakishangilia katika sehemu ambazo mtu mwingine angeona aibu. Wakati huohuo binti wa mtu aliyewahi kufanya biashara na Belfort alichapisha barua ya wazi akilalamika kwamba filamu imewatukuza wakosaji na kuwasahau walioumia, familia yake ikiwamo. DiCaprio mwenyewe aliitetea, akisema kuwa haikukusudiwa kuwatukuza watu wa aina hiyo. Na si jambo jipya: baada ya filamu ya Wall Street ya mwaka 1987, Michael Douglas alisimulia mara nyingi jinsi watu walivyomfuata na kumwambia kwamba waliingia katika kazi ya hisa kwa sababu ya mhusika wake, Gordon Gekko, ambaye kwenye hadithi ni mhalifu.

Mimi naipenda kazi ya Scorsese na sitaki uifanye mkosaji. Ameamua kutuonyesha ulevi wa fedha kutoka ndani, kama mlevi anavyouona, na wala hatukatizi kwa mahubiri. Lakini ameacha alama. Itazame tena sehemu ya mwisho kabisa: Belfort ametoka gerezani, yuko New Zealand akifundisha watu mbinu za mauzo, na anayemkaribisha jukwaani ni Belfort halisi. Anawapa watu kalamu, mmoja baada ya mwingine, na kuwataka wamuuzie. Kisha kamera inamwacha na kuwageukia wasikilizaji, waliokaa kimya wakimkodolea macho kwa matumaini. Sidhani kuna picha nyingine ndani ya filamu hiyo inayowahusu wanachama wako zaidi ya hiyo, na pengine hiyo ndiyo ya kuanzia mjadala.

Mlezi wa Vijana, Kigamboni

Mimi ningeshauri filamu hiyo isionyeshwe tena kikundini. Wenzetu wa Kenya waliipiga marufuku Januari 2014 kwa sababu ya matusi, uchi na dawa za kulevya, na siwalaumu.

Katibu wa Kikundi, Tandika

Nakushukuru, Mlezi, na kwa watoto nakubaliana nawe kabisa. Lakini hawa ni watu wazima, na hakuna aliyevutwa na uchi wala dawa za kulevya. Walivutwa na urahisi wa kupata fedha kwa kuzungumza, na hilo marufuku haligusi.

Dalali wa Hisa Mstaafu, Kariakoo

Nimefanya kazi ya udalali wa hisa hapa Dar es Salaam tangu miaka ya mwanzo ya Soko la Hisa, lililoanza mauzo mwaka 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, kwa hiyo naomba niseme kuhusu jambo ambalo filamu inalipita haraka. Kuna mahali Belfort anaanza kuitazama kamera na kueleza jinsi wizi ulivyofanyika, kisha anakatiza kwa kutuambia kwamba hatujali maelezo hayo, tunachotaka kujua ni kama fedha ziliingia. Mtazamaji anacheka na kukubali kwamba kweli hajali. Vijana wako waelezwe hicho kilichorukwa.

Kampuni yake, Stratton Oakmont, ilikuwa ikijikusanyia kwa bei ya chini hisa nyingi za kampuni ndogo, mara nyingi kwa majina ya marafiki ili isijulikane nani anazimiliki. Kisha mamia ya madalali waliketi kwenye simu wakisoma maneno yaliyokwishaandikwa, wakiwahimiza wateja wanunue hisa hizohizo. Bei ilipanda kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wateja wenyewe walikuwa wakinunua. Ilipofika juu, wenye kampuni waliuza za kwao, bei ikaanguka, na mteja aliyetaka kuuza alizungushwa au akashawishiwa anunue nyingine. Kwa hiyo ile fedha yote ya boti na helikopta haikutengenezwa na akili ya mtu yeyote. Ilihamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kampuni ilifukuzwa katika biashara ya udalali mwaka 1996, Belfort akakiri makosa mwaka 1999, na baadaye mahakama ikamwamuru alipe fidia ya takribani dola milioni 110 kwa wateja zaidi ya 1,500. Gerezani alikaa miezi 22.

Sasa linganisha na programu hiyo ya simu. Stratton angalau walikuwa na hisa, hata kama zilikuwa za kibanda. Programu inayolipa kila siku na kutoa bonasi kwa kuleta watu haina hata kibanda. Mwambie kijana wako akuonyeshe faida inatoka wapi ikiwa leo hakuna mtu mpya atakayejiunga. Asiulizwe kwa ukali. Aulizwe, kisha mumsubiri ajibu.

Mama wa Mbagala

Nimesoma yote na nimeona niandike, ingawa si kawaida yangu. Dada yangu mkubwa alikuwa mwalimu. Alipostaafu aliweka sehemu ya kiinua mgongo chake katika mpango mmoja wa mtandaoni. Aliyemwingiza alikuwa kijana mwenye adabu sana. Alimwita mama, alimpigia kila Ijumaa jioni, na kabla ya kutaja fedha aliuliza kwanza hali ya miguu yake kwa kuwa alijua inavimba. Wiki za mwanzo alilipwa vizuri, ndipo akawaleta shoga zake wawili wa kwaya. Alipotaka kutoa fedha nyingi kidogo, akaambiwa alipe kwanza kodi ya kutolea. Akalipa. Akaambiwa kuna ada ya kuhakiki akaunti. Akakopa, akalipa. Siku iliyofuata kundi la WhatsApp halikuwapo tena na simu ya kijana haikupatikana.

Fedha ziliuma, lakini kilichomlaza kitandani ni wale shoga zake wawili. Hadi leo mmoja hampokei simu.

Ndugu Katibu, umesema vijana walipiga makofi wakati tapeli anampigia mteja simu. Mteja huyo mlimwona uso? Mimi nimeiona filamu hiyo kwa mwanangu, na nakumbuka ni sauti tu inayotoka kwenye simu. Ni rahisi kumcheka mtu asiye na uso. Dada yangu naye kwa yule kijana alikuwa sauti tu.

Mpenzi wa Sinema, Upanga

Mama, umeliona jambo ambalo wahakiki wengi wa filamu walilibishania kwa miezi. Waliopinga filamu walisema kuwaficha wahanga ni kuwakosea mara ya pili. Walioitetea walisema kwamba matapeli ndivyo wanavyowaona watu, na filamu imetuweka nyuma ya macho yao. Mimi bado niko upande wa pili, lakini nakubali kwamba kwa mtazamaji ambaye hajawahi kuibiwa, au anayedhani hawezi kuibiwa, pengo hilo halijazwi na sinema. Lazima lijazwe na mtu aliye ukumbini.

Wakili wa Kinondoni

Nitaongeza ya kisheria kwa ufupi. Kuendesha mpango wa upatu wa namna hii, yaani wa kuwalipa waliotangulia kwa fedha za wanaojiunga baadaye, ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171A. Kampuni yoyote inayokusanya fedha za umma kwa ajili ya uwekezaji inapaswa kuwa na leseni, ama ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ama ya Benki Kuu, kulingana na aina ya shughuli. Kabla ya kikao andikeni barua ya kuuliza kuhusu programu hiyo, na barua isomwe mbele ya wanachama. Hati ya usajili wa kampuni kutoka BRELA, ambayo waendeshaji hupenda kuionyesha, haimaanishi kuwa wameruhusiwa kupokea fedha za watu.

Wanachama wakumbushwe pia DECI, mpango wa upatu wa aina hiyohiyo, uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Ulienea kupitia makanisa, kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, na waliojiunga hawakuwa watu wa anasa hata kidogo. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoilaumu filamu. Wahanga wetu wengi hawakutamani helikopta. Walitamani kumaliza kupaua. Vijana wako wakiambiwa kwamba wana tamaa ya Wall Street watakataa, na watakuwa na haki ya kukataa.

Msomaji wa Habari, Mikocheni

Naomba wanachama waambiwe na hili. Kampuni iliyogharamia filamu hiyo, Red Granite, ilidaiwa na serikali ya Marekani kuwa ilitumia fedha zilizoibwa katika mfuko wa umma wa Malaysia uitwao 1MDB, na mwaka 2018 ilikubali kulipa dola milioni 60 ili kuimaliza kesi, bila kukiri kosa. Yaani hata fedha za kutengenezea sinema inayokemea wizi zilidaiwa kutoka katika mifuko ya watu wa Malaysia wasiojua lolote.

Katibu wa Kikundi, Tandika

Nawashukuru nyote kwa dhati, na Wakili amenisaidia kulijibu swali langu la kwanza: hamu ilikuwapo. Kijana aliyeleta pendekezo anadaiwa kodi ya fremu na ana mtoto wa kwanza njiani, na mimi kama katibu nayajua hayo kwa sababu mkopo wake niliuandika mwenyewe. Sitamwita mwenye tamaa mbele ya watu.

Kikao nitakiendesha hivi. Barua nimekwishaiandika na kesho naipeleka. Siku yenyewe tutaonyesha ile simu ya Aerotyne peke yake, halafu tutaizima projekta, na Mzee Dalali, ikiwa utaridhia kuja, utatueleza njia ya zile dola 4,000 tangu zilipotoka kwa mteja. Baada ya hapo kijana wetu atapewa nafasi kamili ya kulitetea pendekezo lake, na atajibu lile swali la siku ambayo hakuna anayejiunga. Kura itapigwa kwa siri. Nimeomba pia mweka hazina aangalie kama tunaweza kumwongezea muda wa kulipa mkopo, kwa kuwa nadhani mtu aliyebanwa na kodi hawezi kusikiliza vizuri habari za New York.

Mama wa Mbagala, pole sana kwa yaliyompata dada. Kama yeye atakuwa tayari kuzungumza na vijana, hata kwa dakika chache, tutamfuata kwa gari na kumrudisha. Kama hatapenda, naomba ruhusa ya kuyasoma maneno yako bila kutaja jina. Nitakutumia ujumbe wa faragha leo usiku.

Mama wa Mbagala

Nimemuuliza. Amesema atakuja, ila apangiwe kiti cha karibu na mlango kwa ajili ya miguu, na yule kijana wa programu akae mbele, si nyuma, ili waonane.