Naomba ushauri: gharama za upasuaji wa mguu wa mjomba wangu

Ndugu zangu, salaam. Mjomba wangu ni mkulima wa mtama na alizeti wilayani Kongwa, na miaka 6 iliyopita alichomwa na mwiba shambani akiwa pekupeku. Pakaota kinundu kisichouma, na naamini huko kutouma ndiko kulikotuchelewesha, kwa kuwa mtu anayeweza kushika jembe hajihesabu kuwa mgonjwa. Leo unyayo umevimba hata kandambili haiingii, na una vitundu vinavyotoa usaha wenye punje nyeusi mithili ya baruti.

Daktari ametueleza kuwa ni maisetoma, yaani fangasi wa udongoni aliyeingia kupitia jeraha, na kwamba mjomba anahitaji dawa kwa miezi mingi pamoja na upasuaji kabla mfupa haujaliwa, vinginevyo mguu utakatwa. Familia ina kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo tuliilipia shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, lakini tumeambiwa kuwa haitafika katika hospitali ya kanda tuliyopewa rufaa.

Naomba aliyewahi kuomba msamaha wa gharama za matibabu kupitia ofisi ya ustawi wa jamii anieleze barua ya mtendaji wa kijiji inapaswa kuandikwaje, na kama msamaha hugusa pia dawa za baada ya upasuaji. Wazee wanashauri tuuze ng'ombe wake wawili wa kulimia; mimi nasita, maana akirudi na mguu mzima atalima na nini? Waliokubaliwa kulipa hospitali kwa awamu walianzia wapi?