Impossible, import, inflammable: hiyo "in" ya mwanzoni ina maana gani hasa?

Mdau wa Uyole
Habari zenu wakuu. Kijana wa kidato cha pili hapa Mbeya amepewa maneno ya kukariri: impossible, illegal, irregular, import, inflammable, input. Ameshika kwamba in, im, il na ir mwanzoni ni kukanusha. Sasa import anaandika "isiyo na bandari" na inflammable "kisichoshika moto". Kuna kanuni au ni kukariri tu?

Mwalimu, Makambako
Kanuni ipo. Kilatini kiliipa Kiingereza "in" mbili zinazofanana kwa sura tu. Moja inakanusha: incorrect, si sahihi. Nyingine ni ya kuingia au kuingiza: import ni kuleta ndani, kwani portare ya Kilatini ni kubeba. Inflammable iko kundi hili la pili: kutia mwali, yaani kinachoshika moto upesi. Hapo msimwache kijana na kosa hata siku moja. Neno hilo huandikwa kwenye matangi ya mafuta, na malori yake yanapanda mlima Kitonga kila siku. Flammable ni maana ile ile. Kinyume chake ni non-flammable.

Kubadilika kwa n ni kazi ya mdomo, nasi tunayo. Tunasema nyumba mbaya, si "nbaya", maana b inafunga midomo. Vivyo hivyo in mbele ya p, b na m huwa im. Mbele ya l na r, n humezwa na herufi hurudiwa: illegal, irregular. Kwenye nyumba ndefu sisi tuliibadili r ya -refu ikawa d, wao wakaiacha n ipotee. Kwa hiyo "ilegal" yenye l moja ni kosa: l ya kwanza ni ya kiambishi, ya pili ya legal.

Kalenga
Mbona unpaid haiwi "umpaid"? Na input?

Mwalimu, Makambako
Swali zuri. Un ni ya Kiingereza chenyewe, haibadiliki kwenye maandishi: unpaid, unlucky, unreal. Input nayo ni in ya kawaida ya Kiingereza iliyounganishwa na put, kile unachotia. Ndiyo maana pembejeo za shamba huitwa inputs.

Kijana afunike kiambishi kwa kidole. Kikibaki kivumishi kama legal au possible, ajaribu "si" kwanza. Kikibaki kitendo cha kubeba, kuhama au kutia, ajaribu "ndani". Invaluable itamtega: maana yake si "bila thamani" bali thamani isiyokadirika.

Wa Tukuyu
Naongeza collect na correct, maana huku l na r zinatusumbua sana kimatamshi. Zote zina kiambishi con cha Kilatini, n ikamezwa vile vile. Legere ni kuokota, regere ni kunyoosha. Collect the books, kusanya madaftari. Correct the books, yasahihishe. Asizisome siku moja. Aanze na collect, akishaitungia sentensi tatu bila kusita ndipo aiguse correct.