Msaada: nimepima dawa ya magugu mtoni, imesoma 340

MferejiWaChini: Habari wanajamvi. Niko Mbarali. Wenye mpunga juu yetu wamepulizia dawa ya magugu ya 2,4-D na sisi tunachota mto huohuo. Nimepima, imesoma 340 ppm. Nataka niende Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji wiki hii. Naanzia wapi?

Kambale: Samaki wamekufa? Pima oksijeni alfajiri kwanza. Majani yakioza majarubani huimaliza.

Mama Shamba: Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Watu wanalima hadi ukingoni, halafu tunashangaa!

Bikari: 340 ppm ni miligramu 340 kwa lita. Mwongozo wa WHO kwa 2,4-D kwenye maji ya kunywa ni maikrogramu 30 kwa lita, na miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Umezidisha mara elfu kumi na moja. Hii chai.

MferejiWaChini: Si chai mkuu. Nimetumia kalamu ya TDS.

Bikari: Basi umepima chumvi. Kalamu hiyo husoma maji yanavyopitisha umeme. Maikrogramu 30 za dawa haziisogezi hata tarakimu moja. Na maji uliyaweka kwenye nini?

MferejiWaChini: Dumu.

Bikari: Dumu la nini?

MferejiWaChini: Lilikuwa la dawa hiyohiyo, ila nimelisuuza kwa sabuni mara tatu. Maji bado ninayo, nayapeleka maabara.

Bikari: Usiyapeleke. Kusuuza mara tatu ni kwa dumu la kutupwa. Mabaki ndani ya plastiki yanatosha kuharibu jibu lote. Omba maabara chupa safi za kioo cha kahawia, lita moja moja. Vizia mvua ya kwanza baada ya kupulizia, maana ndiyo inayokokota dawa. Chota juu ya mfereji wa kutolea maji na chini yake, ukielekea maji yanakotoka, mdomo wa chupa chini ya uso wa maji. Ya tatu ijaze maji safi ya maabara palepale mtoni, ikuonyeshe kama uchafu umeingia mkononi mwako. Weka kwenye barafu, gizani, zifike mapema: maabara inatakiwa kuitoa dawa majini ndani ya siku 7.

Kambale: Na glaifoseti, ile dawa nyingine ya magugu?

Bikari: Hiyo chupa ya plastiki mpya, maana hung'ang'ania kioo. Ni kipimo cha peke yake, kiombe mapema. Kabla ya kulipa uliza kiwango cha chini wanachoweza kusoma. Kwa 2,4-D kiwe chini sana ya maikrogramu 30 kwa lita.

MferejiWaChini: Mvua ikichelewa je? Barua nimeshaiandika.

Bikari: Ipeleke, ila futa hiyo 340. Omba maofisa waje wachote wenyewe nawe ukiwepo, chupa zifungwe kwa lakiri na kila anayezipokea asaini.