Bomba la dipstiki limekatika, gundi ya chuma inafaa?

Njiapanda: Wakuu, habari za jioni. Gari langu la siku nyingi, petroli, injini bado ina nguvu. Bomba la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, limekatika, oili inatapika upande wa ekzosi. Nimeambiwa ile gundi ya chuma ya kuchanganya inashika vizuri. Nipake nje tu au na ndani? Nalihitaji kesho alfajiri.

Mzee wa Gasketi: Limekatikia wapi? Kama ni juu, kazi ndogo: sawazisha ncha, valisha mpira unaostahimili oili na joto, kaza klipu huku na huku. Mpira wa maji usiuguse, oili inauvimbisha. Kama ni pale linapozama kwenye bloku, yaani mwili wa injini, ni habari nyingine.

Spana13: Gundi haishiki penye oili mkuu, na hapo panatetemeka muda wote. Angalia breketi ya bomba, nahisi bolti yake haipo. Ikilegea tu, bomba linachezacheza hadi chuma kinachoka.

MamaWawili: Mume wangu alikuwa na la hivyo. Kila Jumamosi miguu inaonekana, kichwa kiko chini ya gari. Nikamwambia achague, akaliuza. Akanunua bovu zaidi. Pole kaka.

Njiapanda: Limekatikia usawa wa bloku. Bolti kweli haipo, nilinunua gari likiwa hivyo.

Mzee wa Gasketi: Na kipande kilichobaki tunduni, ukimulika tochi unakiona?

Njiapanda: Kipo. Mimi nauliza gundi tu.

Mzee wa Gasketi: Kipo wapi?

Njiapanda: Kuna fundi jirani alikigonga na bisibisi ili kitoke, kikazama. Lakini kimeangukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu ya oili ina chujio, hakiendi popote. Nimelitembeza, halina mlio. Halafu gundi nimeshanunua na nusu nimeshaichanganya.

Spana13: Bisibisi tena! Unachukua tepu, ile ya chuma ya kukatia nyuzi za bolti tunduni, unaipaka grisi ili inase chembe za chuma, unazungusha mpaka ing'ate, unavuta.

Mzee wa Gasketi: Chujio linazuia kipande kisiingie kwenye pampu, halizuii kisipigwe na kranki, ule mhimili unaozunguka juu ya sampu. Kinaweza kulala chini miaka, na kinaweza kusogea ukipiga breki ya ghafla. Mwaga oili, shusha sampu, kitoe. Kisha tafuta bomba la injini hiyohiyo, safisha tundu, badilisha oringi (pete ya mpira) kama linayo, lizamishe hadi mwisho na breketi uifunge. Urefu usiuchezee. Bomba likiwa fupi, kijiti kinazama zaidi, utasoma oili imejaa kumbe imepungua. Likibaki juu, utaona imepungua, utaongeza, kranki itaivuruga mpaka itoe povu. Povu halilainishi kitu.

ShahidiWaMacho: Wakuu, mnapoteza muda, hii ni chai. Oili inatapikia ekzosi, na yeye kalitembeza, moshi hautaji? Na gundi aliyoichanganya kabla ya kuuliza si imeshaganda? Weka picha.

MamaWawili: Mimi nimekwama kwa huyo fundi jirani. Nadhani wanavaa viatu saizi moja na mleta mada.

Spana13: 😂😂😂

Njiapanda: Nidanganye ili nipate nini? Moshi upo kidogo, sikusema haupo. Tundu nimeliziba na kitambaa. Kamera ya simu ni mbovu.

ShahidiWaMacho: Gari bovu, simu mbovu, fundi hajulikani. Bado kitambaa tu kije kitoe ushahidi.

Spana13: Mimi namwamini. Mtunzi angetunga fundi mwenye akili.

Mzee wa Gasketi: Iwe kweli iwe chai, kuna mwingine ataingia humu na tatizo hilihili. Njiapanda, hicho kitambaa kitoe. Hewa ya ndani ya injini itakisukuma nje, kiangukie ekzosi ya moto kikiwa kimelowa oili. Gari linawaka hivyohivyo. Usiliwashe tena.

Njiapanda: Hata kwenda karibu? Nikiendesha polepole?

Mzee wa Gasketi: Hata kulisogeza. Sukuma.

ShahidiWaMacho: Picha bado.

MamaWawili: Mume wangu anasoma begani kwangu hapa. Anauliza, hilo gari unaliuza?